Boti ya futi 28 ufukweni Matema: kumbukumbu za ujenzi siku kwa siku

Siku ya 1. Mafinga

Boti hii itaelea Ziwa Nyasa, lakini safari yake inaanzia Mafinga, kwenye viwanda vinavyobandua magogo ya misindano na mikaratusi ya Sao Hill. Plaiwudi ndiyo itakayoamua kama chombo kitadumu miaka mitatu au thelathini.

Vipimo vyake: urefu m 8.5, upana m 2.6, kina majini sm 50 pamoja na mkuku (uti wa mgongo wa chini ya boti). Vitanda vinne, jiko dogo, injini moja ya kupachika ya nguvu farasi 20 na tanga la akiba. Kazi yake ni kutembea ufuo wa mashariki kutoka Matema hadi Mbamba Bay, zaidi ya km 200, na kulala njiani Lupingu, Manda na Liuli.

Orodha ya mbao bapa, zote futi 4 kwa 8: mm 12 vipande 14 kwa sakafu na viambaza vya ndani, mm 9 vipande 18 kwa ubavu, sitaha na paa. Kipande cha mm 12 kina kilo 21 hivi, cha mm 9 kilo 16. Jumla ni karibu kilo 580 kabla hata ya msumari mmoja.

Kila kipande kinakaguliwa ukingoni kwanza. Tabaka zikiwa na pengo hata la milimita mbili, hilo ni bomba. Maji yakiingia upande mmoja yatatembea hadi mwingine bila kuonekana. Kisha gonga uso wote kwa sarafu. Penye uvungu sauti hudoda. Mwisho, tazama mstari wa gundi: mweupe au wa rangi ya maziwa ni wa samani za ndani, wa hudhurungi iliyokolea au mweusi ndio unaovumilia maji.

Siku ya 2 hadi 4

Rangi ya gundi hudanganya, sufuria haidanganyi. Vipande vya sm 10 kwa 10 kutoka viwanda viwili vilichemshwa saa 12 juu ya jiko la mkaa, vikakaushwa siku nzima, vikachemshwa tena. Vya kwanza vilifunguka ndani ya saa tatu kama maganda ya kitunguu. Vya pili vilijikunja kidogo tu, na patasi ilipotiwa kati ya tabaka kilichochanika ni mti, gundi ikabaki imeshika. Bei ya hivi vya pili ni karibu mara mbili. Tukachukua hivyo.

Siku ya 5. Barabarani

Kibali cha kusafirisha mazao ya misitu kinakaa na dereva, na lori linaondoka alfajiri: Makambako, Chimala, Uyole. Mbeya mjini tunapakia mninga wa Chunya, mita za ujazo 0.6, karibu kilo 400. Mninga ni mti wa kuaminika kwa mkuku kwa sababu haupanuki wala kusinyaa ovyo unyevu unapobadilika. Mvule nao ni mgumu kuoza, ila una vijiwe ndani vinavyokula meno ya msumeno, na mafuta yake yanadai ufutwe kwa asitoni dakika chache kabla ya gundi. Vumbi la miti yote miwili linawasha kifua, basi barakoa si ya mapambo.

Turubai lifungwe vizuri kabla ya Tukuyu. Tukuyu hunyesha hata Julai.

Siku ya 6 hadi 19. Matema

Mbao zinapumzika. Zimetoka kwenye baridi ya nyanda za juu, zimeshuka hadi ziwani, mita 475 hivi juu ya bahari, kwenye joto na unyevu wa Kyela. Mninga uliopimwa asilimia 11 siku ulipopakiwa umefika 14 siku ya 19 na kutulia hapo. Ukiunganishwa kabla haujatulia, utavimba ukiwa tayari umebanwa, na viungo vitaanza kubishana. Zimepangwa chini ya banda, kila tabaka imetenganishwa na vijiti vya sm 2, umbali wa sm 50 kati ya kijiti na kijiti, zikiwa juu ya matofali. Hazikuachwa juani.

Siku hizi zinatumika kuchora. Kila taruma (ubavu wa ndani unaolipa gamba umbo) inachorwa kwa ukubwa wake halisi juu ya sakafu ya mbao za bei rahisi, kisha ubapa mwembamba wa paina unapindishwa ukipita kwenye alama zote. Hapo ndipo makosa ya karatasi yanaonekana: alama mbili za taruma ya sita zilikuwa nje kwa mm 6. Kwenye karatasi ni unene wa risasi ya kalamu. Kwenye ubavu wa boti ni nundu ambayo kila mpita njia ataiona kabla ya kusalimia.

Ramani ya boti ilichorwa kwa ajili ya bahari. Maji ya chumvi yana kilo 1,025 kwa mita ya ujazo, ya ziwa 1,000, kwa hiyo chombo hiki cha tani 2.1 kitazama zaidi kwa mm 5 hivi. Si kitu. Tofauti kubwa ya ziwa na bahari ipo kwingine: hakuna yule mdudu wa baharini anayetoboa mbao, na hakuna haja ya rangi ya shaba chini ya maji. Ila pia hakuna chumvi ya kuhifadhi mti. Mitumbwi ya zamani iliyolala hapa ufukweni inaeleza vizuri zaidi. Tumboni, mahali palipokaa majini, mti bado unarudisha shoka. Mdomoni na kwenye ncha, mahali maji ya mvua yanapotuama, kidole kinaingia. Kwa hiyo katika boti hii tutaogopa zaidi maji yanayotoka juu.

Siku ya 20 hadi 24

Kitanda cha kujengea: boriti mbili za paina za m 9, miguu kila m 1.2, boti itajengwa ikiwa kifudifudi. Taruma tisa, sm 90 kati ya moja na nyingine. Tano ni viambaza vya kudumu vya mm 12, nne ni kalibu za paina, za kushikilia umbo tu, zitakazotolewa baadaye. Uzi wa katikati unavutwa omo (mbele) hadi tezi (nyuma) na kila taruma inapigwa timazi.

Siku ya 23 asubuhi uzi wa pembe kwa pembe ukatofautiana kwa mm 9. Jana ulikuwa sawa. Miguu miwili ya upande wa ziwani ilikuwa imezama mchangani usiku, baada ya watu watano kukaa juu ya boriti wakipumzika. Tulichimba, tukaweka mawe bapa chini ya kila mguu, tukapima upya. Chombo kikifungwa kikiwa kimepinda kinabaki hivyo hivyo, na hakuna usukani wa kukinyoosha.

Siku ya 25 hadi 30

Mkuku: tabaka nne za mninga za mm 35, upana mm 100, zimegandishwa pamoja. Mbao ndefu za m 8 hazipatikani, kwa hiyo kila tabaka ina viungo, na kiungo cha tabaka moja hakikaribii cha tabaka jirani kwa chini ya mita moja. Hanamu, ule mti wa omo unaokata maji, nayo ni ya tabaka. Fito nane za mninga, mm 45 kwa 30, zinapita kwenye pengo la kila taruma.

Kabla fito hazijafunika kila kitu, tundu la mm 25 linatobolewa chini kabisa ya kila taruma, pande zote mbili za mkuku, ili maji ya ngama (uvungu wa chini kabisa ndani ya boti) yakimbilie mahali pamoja penye pampu. Kingo za matundu hayo zinapakwa epoksi, gundi ya kuchanganya resini na hadina (kigandishi), mara tatu. Kichwa cha ubao hunywa maji kuliko uso wake, ndivyo ulivyokuwa unakunywa ulipokuwa mti.

Siku ya 31 hadi 36. Kuvika

Vipande vinne vinaunganishwa kupata ubao mmoja mrefu. Kiungo ni cha mteremko wa nane kwa moja: mm 9 inadai mm 72, mm 12 inadai mm 96. Vipande vinapangwa kama ngazi na kurandwa pamoja; mistari ya tabaka ikionekana sawa kama daftari, mteremko umekaa. Ubavu unatoka na urefu wa m 9.54 na unatosha.

Gundi kwenye kiungo ni ya hatua mbili. Kwanza epoksi tupu, ili vichwa vya nyuzi vishibe, baada ya dakika kumi epoksi iliyokorogwa na unga laini wa silika hadi iwe kama uji wa kumlishia mtoto. Anayeruka hatua ya kwanza anapata kiungo kikavu: mti umekunywa gundi yote. Na usibane kwa jiriwa mpaka gundi yote itoroke.

Ubavu wa mm 9 ulikaa bila ugomvi. Sakafu ya mm 12 ilikaa hadi m 1.5 kutoka omo, pale inapotakiwa kujisokota kama kamba ili ikutane na hanamu. Ililazimishwa kwa jiriwa sita, na saa kumi jioni ikapasuka kwa sauti ya bunduki. Maji ya moto yangeilegeza, lakini yangeacha unyevu chini ya epoksi. Sehemu ya omo ikavikwa upya kwa tabaka mbili za mm 6, moja juu ya nyingine, nyuzi zikikatana. Hilo lilitakiwa liwe kwenye orodha ya manunuzi tangu Mafinga. Vipande vinne vya mm 6 viliagizwa Mbeya na kuchelewesha kazi siku mbili.

Skrubu za kubana ni za muda na zinatoka zote gundi ikishashika. Zilizogoma zilipashwa ncha ya chuma cha kuchomelea risasi kwa sekunde thelathini, epoksi ikalegea. Zinazobaki moja kwa moja, kwenye mkuku na hanamu, ni za chuma kisichoshika kutu. Shaba nyeupe tuliikataa: zinki yake huondoka polepole, skrubu inabaki ya waridi na inakatika kama chaki.

Siku ya 37 hadi 44. Epoksi

Jumla kilo 65: karibu 21 kwa nje, 21 kwa ndani, 15 kwa gundi na kona, inayobaki ni ya upotevu na bahati mbaya. Inapimwa kwa mizani, kwa uwiano ulioandikwa kwenye kopo lenyewe. Kuongeza hadina ili ikauke upesi ni kosa la kila fundi aliyezoea resini ya polyesta. Epoksi iliyozidishiwa hadina hubaki laini milele, na dawa yake ni kukwangua.

Mchanganyiko usizidi gramu 400 kwa wakati, na umwagwe mara moja kwenye sinia pana. Kilo moja ikikaa koponi kwa joto la Matema itachemka, itatoa moshi na kuyeyusha kopo. Upande wa pili, kazi hii hii ikifanyiwa Mbeya mjini mwezi Julai, usiku wa baridi ungeiacha inanata hadi kesho kutwa. Ndiyo sababu ya kujenga ufukweni.

Muda wa kupaka ni alasiri, joto linapoanza kushuka. Asubuhi ubao unapata joto, hewa iliyo ndani yake inapanuka na kusukuma maelfu ya mapovu kwenye epoksi mbichi. Jioni hewa inasinyaa na kuivuta epoksi ndani. Upande wa kushoto ulianza saa nne asubuhi kwa sababu ya haraka, ukatoka na vitundu kama mkate wa kumimina. Ulipigwa msasa wote.

Kitambaa cha faiba ni cha gramu 300 kwa mita ya mraba, mita 32 za mraba, kikiongezwa tabaka ya pili ya upana wa sm 15 kwenye kona zote na mkukuni. Epoksi inayoingia humo ilingane na uzito wa kitambaa. Kikionekana cheupe kina njaa, kikielea kimelewa. Kisha mikono (mipako) miwili au mitatu ya epoksi ya kujaza nyuzi. Unyevu wa Kyela huacha utando wa mafuta juu ya epoksi iliyokauka. Huo huoshwa kwa maji na kisuguo kabla ya msasa. Ukitanguliza msasa unausukuma ndani, na rangi itabanduka vipande vipande.

Siku ya 45

Mkono wa mwisho ulikuwa bado mbichi wingu lilipoonekana ziwani kama moshi. Ni visubi vya ziwa, vile ambavyo Malawi huviita nkhungu. Ndani ya dakika ishirini ubavu mzima ulikuwa na manyoya. Kuwatoa wabichi ni kuharibu kitambaa. Wakaachwa wakauke na kupigwa msasa kesho yake. Vipo humo hadi leo vichache, chini ya rangi.

Siku ya 47. Kugeuza

Gamba lina kilo 600 hivi. Watu 18, matairi sita, kamba mbili upande wa kuvuta na mbili upande wa kuzuia, na migomba iliyokatwa asubuhi ikilazwa pale ubavu utakapogusa chini. Mgomba unapondeka polepole bila kuchubua, na ni bure. Hatari ipo pale chombo kinapopita wima: wavutaji wanashangilia na wanaozuia wanalegeza. Mtu mmoja tu ndiye anayesema. Dakika 40.

Siku ya 50 hadi 70. Ndani

Kalibu zinatoka, kona zote zinajazwa uji wa epoksi wenye unga wa mbao na kulainishwa kwa kijiko kilichokatwa mviringo wa mm 25. Mikono mitatu ya epoksi kila mahali, hata chini ya vitanda ambako hakuna atakayeona. Mbao za kukanyagia zote ni za kunyanyuka. Kumwaga zege kwenye ngama ili kupata uzito ni mtindo wa zamani unaoficha kuoza mpaka siku mkuku unapoachia. Hapa uzito ni vyuma 12 vya kilo 20, vimepakwa epoksi na kufungwa kwa mikanda, kila kimoja mtu mmoja anaweza kukitoa. Tenki mbili za maji, lita 75 kila moja, zipo katikati na chini.

Siku ya 71 hadi 84. Sitaha

Hapa kazi inakwenda polepole makusudi. Sitaha ina mbonyeo wa sm 6 katikati ili mvua isitulie, na kila kitu kinachofungwa juu yake ni tundu: vishikio, pingili za kamba za nanga, fremu za madirisha, kitako cha mlingoti. Matundu 94.

Kila moja linapitia njia hiyo hiyo. Bolti ya mm 8 haitobolewi kwa mm 8. Inatobolewa kwa mm 14, utepe unabandikwa chini, tundu linapakwa epoksi tupu kisha linajazwa uji wa silika hadi juu. Kesho yake linatobolewa tena kwa mm 8 katikati ya hiyo epoksi. Sasa maji yakipita kando ya bolti yanakutana na epoksi, hayakutani na mti. Mdomo wa tundu unapanuliwa kidogo kama sahani ili mpira wa kuzibia ukae humo kama pete. Bolti inabanwa nusu, mpira unakauka siku mbili, ndipo inakazwa nati, bila kuzungusha bolti yenyewe. Silikoni ya bafuni haitumiki: ikishagusa mahali, rangi na gundi hazitashika hapo tena.

Matundu 94 kwa mtindo huu yamekula siku sita. Kwa mtindo wa kawaida ni siku moja.

Siku ya 85 hadi 93

Injini inakaa kwenye kisima cha tezi, lile bati juu ya propela likiwa mm 25 chini ya usawa wa sakafu ya boti. Likiwa juu zaidi propela inavuta hewa kwenye mawimbi, likiwa chini zaidi unaburuta chuma bure. Vizuizi vya kutu vya zinki havifai maji baridi, vinajifunika utando na kulala. Vilibadilishwa vya magnesi. Mstari wa maji ni m 7.8, kwa hiyo kasi ya chombo cha aina hii inaishia karibu noti (maili za baharini kwa saa) 6.8. Kuongeza nguvu farasi ni kuongeza wimbi tu. Kwa noti 6 na lita 4.5 kwa saa, Matema hadi Mbamba Bay ni saa 19 na lita 86. Tenki ya mafuta ni lita 130, theluthi haiguswi.

Rangi ya sitaha ni nyeupe ya maziwa. Mtu alipenda kijani kibichi. Kijani cha kukolea chini ya jua la Kyela kinapasha joto epoksi hadi kulegea.

Siku ya 96. Maji ndani kwanza

Ndoo mbili za lita 20 zinamwagwa omo, ndani. Zote zinatakiwa kufika kwenye pampu. Lita 33 zilifika. Zilizobaki zilikuwa zimesimama nyuma ya taruma ya nne kushoto, tundu la mm 25 limezibwa na uji wa kona, kazi ya siku ya 53. Boti ingeishi na kidimbwi hicho mpaka ioze.

Siku ya 101. Kushua (kuingiza majini)

Ziwa halina kujaa na kupwa, kwa hiyo hakuna bamvua la kulingojea. Kina chake hupanda na kushuka kwa msimu, na Oktoba ufuko ni mpana. Mita 31 za mchanga, magogo ya kuviringisha kwanza, migomba kwa mita kumi za mwisho. Ilikuwa Jumamosi, siku ya soko la vyungu Lyulilo, na mitumbwi ya Wakisi kutoka Ikombe ilisimama kutazama. Asubuhi, saa moja, kabla upepo wa kusini haujaamka. Ubao wa chuma chini ya mkuku, m 3 kwa mm 100 kwa 20, ndio uliobeba mkwaruzo wote.

Siku ya 102

Tezi imezama sm 3 zaidi ya mstari: injini na mafuta. Vyuma vitano vilisogezwa mbele m 2, na mstari ukalala. Watu watano upande mmoja, mdomo wa boti ukabaki sm 48 juu ya maji.

Siku ya 104 hadi 106. Lupingu na kurudi

Milima ya Livingstone inashuka moja kwa moja majini, mahali pa kukimbilia ni pachache, na mawimbi ya Nyasa ni mafupi na yenye kusimama. Alasiri ya siku ya 105 boti ilipigwa usoni kwa saa mbili. Mwendo ulishuka hadi noti 4, omo haikuzama, ngama ilikuwa na kikombe kimoja cha maji kutoka mlango wa nanga. Kipira chake kilikuwa kimekatwa kifupi kwa mm 4 kwenye kona.

Siku ya 112

Mvua ya kwanza ya kweli, saa tisa usiku hadi alfajiri. Asubuhi taa inapitishwa chini ya sitaha yote, tundu kwa tundu. Yale 94 ni makavu. Juu ya kitanda cha kulia kuna doa la ukubwa wa sarafu, limeanza kuwa jeusi: ndoano ya kutundikia taa, skrubu moja ya mm 4, iliyofungwa siku ya kushua na mtu aliyetaka kusaidia. Ilitolewa. Tundu limekaushwa siku tatu na balbu, litatobolewa kwa mm 10 na kujazwa Jumatatu.